Kusudi la Safari

Januari. Ngamiani bati linalia kwa jua,
feni inazungusha joto lile lile,
baba akasema: twendeni Amani, tukapande Mbomole,
tukapoe.
Mama akafunga chapati kumi na nane kwenye kitambaa,
hakusema kitu.

Getini Zigi kuna daftari lenye mistari.
Jina. Utokako. Idadi. Kusudi la safari.
Baba aliandika *mapumziko*, kwa mwandiko wa ofisini.
Hizza akaandika *kinyonga*.
Mama aliishika kalamu kama mtu atungaye uzi gizani,
akajaza safu zote ila ile ya mwisho,
akamrudishia askari kalamu yake.

Njia huanza kwa upole, halafu inakusahau.
Mizizi imejilaza kama watu waliolala matangani,
unaomba radhi, unapita katikati.
Baba, na raba mpya za Barabara ya Kumi na Mbili,
anateleza,
anasema hajateleza.
Mama yuko mbele, kandambili mkononi,
nyayo zake zinasoma udongo.

Sikuwahi kumwona mama akiwa mbele.
Mjini hutembea nyuma yetu,
akihesabu vichwa.

Kwenye kijito cha kwanza alisimama.
"Hapa nilimwaga iliki za mjomba Kupaza,
nusu gunia. Nilikuwa na miaka kumi.
Nikakaa majini naziokota moja moja
hadi vidole vikafa ganzi."
Baba akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.
Hizza akainama, akapekua kati ya mawe,
kana kwamba moja bado ipo.

Cha pili kina gogo la kuvukia. Cha tatu hakina.
Baba akanyoosha mkono bila kusema ni wa nini,
nikaushika.
Juu, mbega wawili walitutazama
kama wenye nyumba waliobishiwa hodi wakati wa kula.

Kileleni ukungu ulikuwa umetuwahi.
Baba alikuwa ametuahidi Tanga yote, mpaka bandarini;
tukaona weupe, na chapati.
Mama alikula polepole, kisha akasema,
pasipo kumtazama mtu:
"Mlima huu nimeupanda na kuni.
Nimeupanda na homa.
Nimeupanda na Mwantumu mgongoni, tukiwahi zahanati.
Leo ndiyo mara ya kwanza mikono yangu haina kitu.
Sijui niiweke wapi."

Nikampa chupa ya maji iliyokwisha.

Tuliporudi aliijaza pale pale, kijito cha iliki,
akakaza kifuniko kwa meno ya khanga.
"Mama," Hizza akasema, "vijito hivi vyote vinaingia Zigi.
Maji haya ndiyo yanayotoka bombani kwetu.
Mwalimu katufundisha."
"Najua," akajibu.
"Lakini kule yanafika yamechoka."

Getini aliliomba daftari tena.
Askari akalilainisha ukurasa kwa kiganja,
mama akaandika neno moja, akalifunga.
Mimi sikuliona.
Baba aliliona, na mpaka leo
nikimuuliza ananituma dukani.

Chupa ikakaa kwenye friji siku tatu,
kati ya nyanya na dawa ya macho ya bibi.
Hakuna aliyethubutu.
Ya nne umeme ukakatika, bomba likakohoa, likanyamaza,
na baba, aliyeamka kabla yetu sote,
akaichemshia chai.

Mama aliingia, akaitazama chupa tupu juu ya karo.
Akaonja. Akakiweka kikombe chini.
Tukangoja, hata Hizza akaacha kutafuna.

"Iliki haitoshi," akasema,
akainuka kwenda kuileta.